Ramani ya nyumba na ramani ya shamba: binti wa fundi anatafuta chuo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na wazazi wangu na wadogo zangu watatu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi nikapata daraja la tatu, pointi 23: Kiswahili B; Fizikia, Jiografia na Kiingereza C; Hisabati, Kemia, Baiolojia na Uraia D. Kidato cha tano nilipangiwa masomo ya sanaa nikaona si yangu, sikwenda. Baba alininunia wiki nzima.

Baba ni fundi mwashi. Tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa nampelekea chakula saiti, mara Ilazo, mara Kisasa, baadaye hadi Mtumba. Nikifika sikai kivulini. Nasimama nyuma yake natazama ile karatasi anayoikunja mfukoni mpaka inachanika, nauliza huu mstari ni nini, ule ni nini. Sasa hivi nafanya kazi steshenari mjini, tunachapa ramani za nyumba za watu wanaoomba kibali cha ujenzi. Wateja wakiwa wachache najifundisha AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwenye kompyuta ya duka. Mwezi uliopita ililetwa ramani ya ghorofa moja. Ngazi zinapanda vizuri, ila mtu akifika ya nane kichwa kinakutana na boriti. Nikamwambia mchoraji kwa woga. Akatazama, akacheka, akasema, "Binti, wewe hapa unapoteza muda. Nenda kasome."

Shangazi, nataka kusoma stashahada ya ubunifu majengo na teknolojia ya ujenzi. Tatizo ni chuo, maana kila mtu nyumbani ana chuo chake.

Baba anataka nisome hapahapa Dodoma. Kuna chuo binafsi kimefungua ofisi mjini, kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Nilikwenda. Dada wa mapokezi ni mchangamfu sana, akaniambia stashahada ni mwaka mmoja na nusu tu kwa sababu wanashirikiana na chuo cha nje. Nikalipa 30,000 ya fomu. Nilipouliza namba ya usajili akasema inashughulikiwa. Wanataka nusu ya ada kabla ya Ijumaa ijayo, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine.

Mjomba, aliye Dar, ana rafiki yake wakala anayeuza kozi za mtandaoni za Marekani. Anasema nitapata "asosieti digrii" ya usanifu nikiwa nimekaa nyumbani, na kwamba neno digrii likiwepo kwenye cheti hakuna atakayeuliza zaidi. Mchoraji wa ile ramani yeye anasema niende chuo cha serikali, Mbeya au Arusha. Mama ananyamaza, lakini najua anaogopa binti kukaa mbali.

Baba ameuza ng'ombe wawili waliokuwa Bahi kwa ajili yangu. Jumla tuna milioni mbili na laki nne, na haitapatikana nyingine karibuni. Shangazi, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Binti wa fundi, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani.

Nianze na Ijumaa maana ndiyo inayokunyima usingizi. Usilipe. Chuo chenye nafasi za kweli hakimkabi mtoto wa mtu koo kwa siku saba. Na "usajili unashughulikiwa" maana yake usajili haupo. Ile 30,000 ihesabu imekwenda sokoni ikapotea njiani. Ng'ombe wawili bado unao.

Sasa tuzungumze vizuri, kwa sababu barua yako ina jambo ambalo ninyi nyote wanne, wewe, baba, mjomba na huyo mchoraji, mmeliruka. Mnagombania chuo kabla ya kukubaliana kozi. Na Kiswahili chetu kinachangia, kwani neno "ramani" tumelibebesha mizigo mingi. Ramani ya nyumba ni ramani, ramani ya shamba ni ramani, ramani ya nchi ni ramani. Nimewaona vijana wakijaza Chuo cha Ardhi Morogoro au Tabora wakidhani wanakwenda kuchora nyumba, wakakuta ni upimaji na mambo ya ardhi. Ni kazi nzuri zenye ajira, ila siyo walizoziota. Hapo Dodoma pia tuna Chuo cha Mipango. Mipango ile ni ya maendeleo vijijini. Asikudanganye mtu kwamba utatoka pale unajua kupanga vyumba.

Kwenye nyumba yenyewe kuna watu watatu ambao saitini wote wanaitwa "injinia" na vibarua. Mbunifu majengo anaamua nyumba itakaaje, mwanga unaingilia wapi, ngazi inapita wapi bila kumvunja mtu kichwa. Mhandisi ujenzi anakokotoa nguzo, boriti na msingi ili visianguke. Mkadiriaji majenzi anahesabu mifuko na nondo na kukuambia itagharimu nini. Wewe uliyeona kichwa kinakutana na boriti, jicho lako ni la yule wa kwanza. Kwa hiyo kwenye orodha ya kozi tafuta ubunifu majengo kwa jina lake, au teknolojia ya ujenzi yenye somo la kuchora na kubuni kila muhula. Ukiona "uhandisi ujenzi" ujue ni jirani, si yeye. Vyuo vingi vya ufundi vina uhandisi ujenzi, vyenye ubunifu majengo ni vichache, na hapo ndipo watu hupokea kilichopo kwa sababu kiko karibu.

Ukishaikamata kozi, fuata karatasi. Nchini kwetu vyuo vya ngazi hii vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, lile ambalo zamani tuliliita NACTE. Mtu wa kidato cha nne anaanzia ngazi ya 4, mwaka unaofuata ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Ni miaka mitatu. Aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu anaweza kutumia miwili. Mwaka mmoja na nusu kwa mtu wa kidato cha nne haumo kwenye ngazi hizo, hata chuo kishirikiane na nani. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili unaotaja chuo, kozi, sifa za kujiunga na ada. Upo kwenye tovuti yao, bure. Usitazame jina la chuo tu, tazama kama kozi yako imo chini ya jina hilo. Kuna vyuo vilivyosajiliwa kihalali kwa biashara na utunzaji kumbukumbu, halafu vinatangaza ujenzi pembeni.

Alama zako zinatosha kuanzia. Ngazi ya 4 hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na fani hii kwa kawaida hutaka Hisabati na Fizikia ziwemo. Unazo. Hiyo D ya Hisabati usiionee haya, ila ujue utakutana nayo tena darasani, basi anza kuikumbatia sasa.

Kwa nini nakazania usajili kama hakimu? Mtoto wa kaka yangu alisoma stashahada ya ujenzi kwenye chuo kimoja, si Dodoma, jina naliacha. Siku ya mahafali tulipika pilau, akavaa joho, tukapiga picha na mimi nikalia kidogo. Akaenda kuomba shahada. Mfumo ukamwomba AVN, ile namba ya uthibitisho ambayo mwenye stashahada huipata NACTVET ili vyuo vikuu vimtambue. Namba hakuna. Matokeo yake hayakuwa yamefika kwenye Baraza. Chuo kinasema tumepeleka, huko kwingine wanasema hatuna, na nauli ni ya kwake. Alizunguka mwaka mmoja na nusu, mwishowe akarudi kuanza ngazi ya 5 mahali pengine. Joho bado liko kabatini kwa mama yake.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye kila chuo, kabla hujauliza ada, ni hili: "Wanafunzi waliomaliza mwaka jana wameshapata AVN?" Usimuulize wa mapokezi. Mtafute aliyemaliza umuulize yeye. Na uliza kama kuna waliokwenda shahada. Vyuo vikuu humchukua mwenye stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Ukitaka siku moja kuwa mbunifu majengo kamili, shahada yake ipo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na stashahada yako ndiyo ngazi ya kupandia. Jina lenyewe "Mbunifu Majengo" si la kujipachika. Chini ya sheria namba 4 ya mwaka 2010 ni lazima uwe umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Waulize Bodi pia mwenye stashahada anasajiliwa katika daraja gani na anaruhusiwa kufanya nini. Wale wachoraji wanaozunguka na kompyuta mpakato wakijiita wasanifu wanajua wenyewe wanachokimbia.

Mjomba sasa. Mpe heshima yake, hana nia mbaya. Hiyo asosieti digrii ni kitu halali huko kwao. Marekani ni masomo ya miaka miwili, kama krediti 60, mengi yakifundishwa kwenye vyuo vya jamii. Anayesoma teknolojia ya ujenzi wa majengo kwa ngazi hiyo anatoka kuwa mchoraji au fundi sanifu kwenye ofisi ya mbunifu. Haimfanyi mbunifu majengo. Huko nako njia ya kawaida ni shahada iliyoidhinishwa na chombo chao kiitwacho NAAB, ambacho hakigusi kabisa digrii hizi za miaka miwili. Basi neno digrii lisimchanganye mjomba. Kwetu linakaa usawa wa stashahada, na likirudi nyumbani bado lazima lipelekwe kulinganishwa na mamlaka zetu. Mwombe wakala jina kamili la chuo, uliangalie kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa ambayo Wizara ya Elimu ya Marekani imeiweka wazi kwa kila mtu. Akianza kusema "chuo ni kipya" au "orodha hiyo ya zamani", mpe pole na kwaheri. Hata kikiwa halali, mimi kwa mtu wa miaka 20 ambaye hajawahi kukosolewa mchoro wake ana kwa ana, kozi hii mtandaoni siipendi. Kuchora kunafundishwa na mtu anayesimama nyuma yako na kalamu nyekundu. Wewe mwenyewe ulijifunza ukiwa umesimama nyuma ya baba.

Vyuo vyenyewe. Mchoraji wako amekuambia Mbeya na Arusha, hakukosea, lakini havifanani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichotokana na kile chuo cha ufundi cha zamani, kina ndaki nzima, yaani tawi zima la masomo, ya ubunifu majengo na teknolojia ya ujenzi. Kwako ningekianzia hicho. Chuo cha Ufundi Arusha, Arusha Technical, kilianza mwaka 1978 na DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ina historia tangu 1957. Vyote vina jina kubwa kwenye uhandisi ujenzi, kwa hiyo kabla hujavijaza hakikisha unachojaza ndicho unachokitaka. Kwenda DIT siku hizi una treni ya umeme. Mbeya ni basi, unapita Mtera na Iringa, siku nzima, beba maji na mto mdogo wa shingo.

Dodoma je? VETA ipo hapo na naiheshimu. Usiidharau kwa kuwa baba anaijua. Lakini VETA inakupa ufundi stadi, ngazi za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA, kuanzia 1 hadi 3. Mwenye NVA 3 na cheti cha kidato cha nne hupokelewa kwenye kozi nyingi za vyuo vya ufundi, kwa hiyo ni mlango wa pili iwapo wa kwanza utagoma. Kwa alama zako sioni kwa nini uanzie mlango wa pili.

Usichague kwa tovuti wala kipeperushi. Nenda ukaone, au umtume ndugu aliye karibu apige picha. Na ukifika usiombe kuonyeshwa jengo la utawala, kila chuo kina jengo la utawala zuri. Omba kuona chumba cha kuchorea. Je, kuna meza za kuchorea za kutosha au wanapokezana? Kompyuta zinawaka, au zimefunikwa vitambaa kama televisheni ya bibi? Ukutani kuna kazi za wanafunzi za muhula huu, au ni zilezile zilizopauka? Kuna modeli za maboksi zimejaa gundi? Nikiona gundi sakafuni mimi moyo unatulia, chumba kisafi mno kinanitia mashaka. Uliza wakufunzi wangapi wanafundisha ubunifu majengo wenyewe na wangapi wameazimwa kutoka idara nyingine. Uliza fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini: chuo kinawatafutia wanafunzi nafasi, au kila mtu anajitafutia kwa shemeji?

Halafu mshike mwanafunzi yeyote umuulize swali la kwetu: nyumba ya Dodoma aielekeze wapi? Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga kuta, kwa hiyo upande mrefu wa nyumba hutazama kaskazini na kusini, na magharibi unaiachia ukuta wenye madirisha machache. Wagogo waliyajua ya kwao bila chuo. Tembe ni fupi, kuta nene, paa bapa la udongo, kwa sababu mvua ni chache na upepo hauna huruma. Leo tunajenga ofisi yenye kioo kitupu upande wa magharibi, halafu tunanunua viyoyozi na mapazia mazito. (Nina jengo moja moyoni, ninapita mbele yake kila wiki, nisilitaje.) Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hajawahi kufikiria jua liko upande gani, chuo chake kinafundisha kubonyeza programu tu. Programu hizo unazijua tayari. Na ukishadahiliwa, AutoCAD na Revit mwanafunzi anazipata bure kwa Autodesk kwa kuthibitisha kwamba yuko chuoni, usiibiwe na wa mtaani.

Pesa. Milioni mbili na laki nne si ndogo, ila miaka mitatu ni mirefu. Omba muundo wa ada wote, si ada peke yake: michango, bima ya afya, hosteli, mitihani. Kisha weka pembeni vitu ambavyo karatasi ile haivitaji, yaani kompyuta mpakato yenye nguvu, uchapaji wa michoro mikubwa, karatasi ngumu za modeli. Uchapaji wewe unajua bei yake kuliko mimi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wa stashahada, lakini kwa fani zilizochaguliwa, basi soma mwongozo wa mwaka huu uone kama yako imo kabla hujaihesabu pesa hiyo. Na mwombe mwenye steshenari akupokee likizo. Mtu anayejua mashine ya kuchapa ramani haachwi.

Baba na mama usiwapinge kwa maneno. Baba amejenga nyumba za watu miaka yote, hakuna anayejua kukagua kazi kuliko yeye. Mwombe muende pamoja kukagua chuo, kama anavyokwenda kukagua msingi wa mwenzake. Akiona karakana kwa macho yake, hata akirudi akasema hapana, itakuwa hapana ya fundi. Mama mtafutie namba ya mlezi wa hosteli ya wasichana, aongee naye mwenyewe, wewe usikae karibu.

Jambo moja zaidi. Muombe mchoraji wako nakala ya ile ramani yenye kosa, kabla hajairekebisha, mkifuta jina la mwenye nyumba. Ikunje, iweke mkobani. Ukifika kwenye chumba cha kuchorea itandaze mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, uwaulize tu, "Hii nyumba mnaionaje?" Kisha nyamaza, utazame ni wangapi wataiona ile ngazi.

Shangazi